Ukurasa wa Tatu

Wembe alinivua nguo mbele ya watu kwa swali moja tu.

Nilikuwa kizimbani, nimekwisha kula kiapo, na ripoti yangu ya ustawi iko mezani kwa hakimu. Kesi ilihusu watoto wawili wa kike waliofiwa na wazazi wote katika ajali ya barabarani. Mdogo alikuwa mchanga, bado ananyonya chupa, na hakuna aliyemgombea. Bibi yao mzaa mama alikuwa ameshamchukua. Mkubwa, wa miaka minane, aliombwa na baba yake mdogo, ambaye tayari alikuwa amehamia na mkewe katika nyumba ya marehemu, ati kulinda mali ya watoto. Mimi niliandika kwamba asipewe. Nilikuwa nimefika pale. Nilimsikia mke wa yule bwana akimwita mtoto kwa kupiga makofi, kama anayefukuza kuku. Nilizungumza na majirani watatu. Ripoti ilikuwa na kurasa sita, na kila neno lilikuwa la kweli isipokuwa moja.

Wembe alikuwa wakili wa baba mdogo. Makarani ndio waliompa jina hilo, na nadhani alilipenda, maana lilimkaa vizuri kuliko hata joho lake. Alisimama, akagusa fundo la tai, akaniuliza kwa upole kama mtu anayeulizia njia:

"Mama, nyumba hiyo uliitembelea lini?"

"Imeandikwa hapo, Mheshimiwa anayo."

"Tusomee na sisi."

Nikasoma. "Tarehe thelathini na moja, mwezi wa sita."

"Na mwezi wa sita una siku ngapi, mama?"

Benchi la nyuma likaanza kucheka. Askari wa mlangoni aligeuza uso ili asionekane meno. Nilikwenda pale tarehe thelathini. Kidole kiliteleza tu. Wito wa mahakama ulikuwa umenifikia siku moja kabla ya kesi, saa tisa alasiri, nikaichapa ripoti nzima kwa saa mbili kwenye kompyuta ya ofisi iliyo moja tu, huku watu sita wakinisubiri kwenye korido. Lakini ukiwa kizimbani huulizwi hayo.

"Mheshimiwa," Wembe alisema, "kama afisa hajui siku aliyokwenda, sisi tutajuaje kama alikwenda?"

Hakimu, mama mmoja mwenye uso mkavu, aliiweka ripoti pembeni. Mtoto akapewa baba mdogo. Nilimwona akitoka ameshikwa kifundo cha mkono, si kiganja.

Kwenye ngazi Wembe alinipita akiwa na wateja wake, akanigeukia akicheka.

"Usijali, Mama Ripoti. Kalenda zinauzwa hapo nje."

Kuanzia siku hiyo mahakama nzima iliniita Mama Ripoti. Na kuanzia siku hiyo nilikuwa na mtu wa kumwonyesha cha mtema kuni. Nilikwenda kazini, nikapika, nikawafulia wanangu, na chini ya hayo yote alikuwepo yeye na tai yake. Kila nilipopata nafasi nilikwenda kukaa benchi la nyuma katika kesi zake, nikajifunza anavyofanya kazi. Alipogusa tai, swali la kuua lilikuwa njiani. Alipochekacheka na makarani, kulikuwa na kitu anachotaka kisionekane.

Ikapita miezi kumi na minne.

Siku moja bibi wa wale watoto alikuja ofisini. Hakutaka kukaa.

"Mwanangu, nimemwona mjukuu wangu bombani. Kila nikienda nyumbani kwao naambiwa ametoka, analala, anasoma. Leo nimejificha pale bombani. Twende ukaone mwenyewe, maana mimi nikisema wataniita mchonganishi."

Tulikwenda. Bomba lilikuwa nyuma ya mstari wa vibanda vya mafundi cherehani. Tulikaa kwenye ngazi ya duka lililofungwa mpaka msichana akaja na ndoo. Alikuwa amerefuka bila kunenepa. Aliinua ndoo kwa mkono wa kulia peke yake, akaisukuma kwa goti. Mkono wa kushoto ulikuwa umepinda chini ya kiwiko, kama mfupa ulivunjika na kuachwa ujiunge wenyewe unavyojua.

Nilimsogelea polepole, nikachuchumaa.

"Mkono umefanya nini, mama?"

"Nilianguka."

"Wapi?"

"Nilianguka."

"Na hapa shingoni?" Kulikuwa na kovu la moto, jekundu bado.

"Nilianguka," alisema mara ya tatu, kwa sauti ileile, kama anayekariri shairi la darasani.

Sikwenda kituo cha polisi. Sikurudi ofisini. Nilikwenda mahakamani moja kwa moja, na mtu wa kwanza niliyetaka kumrarua hakuwa Wembe bali karani wa masjala, yule mwanamke tuliyemwita Miwani kwa sababu alivaa miwani moja machoni na kuwa na nyingine kichwani.

"Barua zangu zinakwenda wapi?" nilimfokea mbele ya watu. "Wito wa kesi unanifikia jana ya kesi. Mtoto mliyemtoa kwa mbwembwe amevunjwa mkono, na hakuna aliyeniambia niende kumtazama!"

Miwani alishusha ile miwani ya kichwani, akafungua kabati la chuma nyuma yake, akatoa rundo lililofungwa kwa uzi. Zilikuwa amri za mahakama kwa ofisi yangu. Kumi na moja. Kila moja ina mhuri.

"Mnatakiwa kuja kuzichukua," alisema. "Hamna mtu wa kumtuma, na mimi sina gari la kuzileta. Nimeandika mara mbili kwa bosi wako."

Nilizipekua. Ya nne ilikuwa yake. *Afisa ustawi afuatilie hali ya mtoto huyu kila baada ya miezi mitatu na kuleta taarifa.* Hakimu yule mwenye uso mkavu aliiandika siku ileile aliyoiweka ripoti yangu pembeni. Inaelekea hakuwa ameniona mwongo. Alikuwa ameniachia mlango, na mlango ule ulikaa kabatini miezi kumi na minne, hatua mia tatu kutoka kwenye meza yangu.

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Miwani naye akakaa. Tulitazamana kama watu wawili waliokutwa na damu mikononi.

Nitasema ukweli: tulihitaji mtu wa kumchukia ambaye si sisi. Na alikuwepo.

"Yule wakili," Miwani alisema, "anaujua mkono huu?"

"Sijui. Lakini nitajua."

Siku hiyo mambo yalikwenda kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona. Miwani alinisaidia kujaza ombi la dharura, akalipeleka chumbani kwa hakimu kwa mikono yake badala ya kulitia kwenye trei. Wakili wa serikali aliitwa kutoka ukumbi wa pili. Huyu alikuwa bwana mnene wa makamo ambaye watu walimwita Bwana Kimya, kwa kuwa aliweza kumaliza siku nzima kwa sentensi tano. Alisoma ombi, akasema, "Tarehe ziko sawa," na kulitia sahihi. Kabla ya saa kumi, askari wawili na mimi tulimtoa msichana nyumba ile na kumpeleka kwa bibi yake kwa muda. Mke wa baba mdogo alisimama mlangoni akinitukana mpaka gari likakata kona. Zamani kazi hiyo ingechukua wiki tano.

Baada ya hapo hakimu akatuita, akaagiza tuwe tunakutana. Masjala, ustawi na mawakili wa serikali, kila Alhamisi saa kumi, katika stoo ya karatasi nyuma ya masjala, maana hapakuwa na chumba kingine. Watu wanaotutembelea siku hizi hupenda kusikia kwamba ushirikiano ule ulianza kwa nia njema. Mimi nilianza na nyongo. Siku ya kwanza nilikaa juu ya boksi la karatasi na kuwaambia wenzangu wazi:

"Mimi sikuja kushirikiana. Nimekuja kumtafuta Wembe."

Miwani alicheka. Bwana Kimya hakucheka.

"Humu hatuzungumzi kesi yoyote iliyo mbele ya hakimu," alisema. "Tunazungumza njia. Barua inapitaje, ripoti inaandikwaje, shahidi anasimamaje. Ukitaja kesi, natoka."

"Na Wembe?"

"Mfuate. Lakini upite mlangoni."

Basi nikajifunza njia. Nilijifunza kwa chuki, na chuki ni mwalimu asiyechoka. Bwana Kimya alinisimamisha kati ya mabunda ya karatasi na kunihoji kama adui. "Jibu swali, halafu funga mdomo. Usijibu ili umshinde mtu. Jibu ili hakimu aandike." Alinifundisha tofauti ya nilichokiona na nilichoambiwa, na kwa nini niandike saa pamoja na tarehe, na jina la aliyenifungulia mlango. Mimi nilimfundisha kuzungumza na mtoto. Asisimame juu yake. Asiulize "kwa nini", kwa sababu mtoto husikia lawama. Nilimkalisha kwenye mkeka na suti yake, magoti yakamlia, akabaki pale ametoa macho kama aliyetumwa mwezini. Miwani alitengeneza daftari la kupeana amri: zinatoka kwake Jumatatu na Alhamisi, nasaini mimi mwenyewe, tena naandika na saa. Kabati la chuma likabaki na vikombe vya chai.

Mwezi wa tatu wa Alhamisi zile, baba mdogo akaleta maombi yake. Hakumtaka tena msichana mkubwa peke yake. Alitaka wote wawili, na yule mdogo aliyekuwa sasa anatembea. Tuliielewa hesabu yake: nyumba ya marehemu ilikuwa ya watoto, na aliyekaa na watoto ndiye aliyekaa na nyumba. Wakili wake, bila shaka, Wembe.

Maombi yalikuwa yamepangwa vizuri. Yalisema mtoto ameumia akiwa anacheza, kwamba bibi anamlisha maneno, na kwamba baba mdogo ni mlezi makini asiyekosa kliniki. Kama ushahidi iliambatanishwa nakala ya kadi ya kliniki ya msichana mkubwa: chanjo, kikohozi, dawa za minyoo. Niliisoma ofisini mpaka herufi zikaniruka machoni. Sikuona pa kushika.

Aliyeona alikuwa Miwani, na hakuniambia mimi. Aliandika barua moja kwa pande zote, siku hiyohiyo, kama sheria inavyotaka. *Orodha ya viambatanisho inataja kadi ya kliniki, kurasa tatu. Zilizopokelewa masjala ni mbili. Pande zote zithibitishe.* Zamani angegonga mhuri na kutia jaladani.

Jibu la Wembe lilikuja kesho yake, mstari mmoja: *Ni kosa la uchapaji.*

Nilicheka peke yangu ofisini mpaka mama mmoja kwenye foleni akaniuliza kama naumwa.

Ukurasa wa tatu. Nilianza kuutafuta kama mtu aliyepotelewa na mtoto. Kliniki walisema kadi hukaa na mlezi. Wao wana daftari tu, nalo la mwaka ule lilikuwa limelowa paa lilipovuja. Majirani walikumbuka kilio, hawakukumbuka kadi. Ndipo nikafikiria shule. Msichana alikosa masomo kwa wiki sita alipovunjika, na shule haikubali wiki sita bila karatasi.

Mwalimu mkuu alikuwa mzee mpole mwenye ofisi iliyojaa vikombe vya michezo. Alivuta faili la msichana kutoka sanduku la tano, akalifungua mbele yangu.

"Baba yake mdogo alileta hizi. Nilimwambia nataka nakala zilizothibitishwa na wakili, si fotokopi ya mtaani. Alinuna, lakini alileta. Mimi nikaangalia mhuri tu."

Kurasa zilikuwa tatu. Ya tatu ilikuwa na mahudhurio mawili tu. La kwanza: kuungua shingoni. La pili: mfupa wa mkono wa kushoto umevunjika, mtoto ameletwa siku ya nne. Chini yake tabibu alikuwa ameandika kwa mkono mzito: *Maelezo ya mlezi hayalingani na jeraha. Mtoto arudishwe kesho na mlezi aitwe.* Hakurudishwa. Na kila ukurasa, pamoja na huo, ulikuwa na mhuri wa bluu: *Nakala halisi*, sahihi ya Wembe, na tarehe. Tarehe ilikuwa miezi saba kabla ya maombi.

Nilimpigia simu Bwana Kimya hapohapo.

"Umeushika?" aliuliza.

"Bado."

"Usiuguse. Usipige picha. Mwambie mwalimu alifunge faili, kisha toka ukae mlangoni. Naleta amri ya mahakama."

Nilikaa kwenye benchi la wanafunzi watoro kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana. Kengele ililia mara tano. Watoto walipita wakinitazama na kunong'ona, wakijiuliza mtu mzima huyu amekosa nini. Sikwenda chooni. Nilihisi nikiinuka tu, ukurasa ule utaota mbawa. Bwana Kimya alipotokea getini anatoa jasho, na amri mkononi yenye wino mbichi wa Miwani, nilitaka kumkumbatia. Nilimwambia tu, "Umechelewa."

Tuligombana siku iliyofuata, tena vibaya.

Tulikwenda kwa bibi kumwandaa msichana. Bwana Kimya akakaa mkekani bila kuambiwa. Mimi ndiye niliyeharibu. Nilimuuliza msichana kama angeweza kusimama ukumbini na kusema yote, mbele ya watu. Kichwani nilikuwa nimeshaiona siku hiyo: mtoto ananyoosha mkono wake uliopinda, na Wembe hana pa kuficha uso.

"Baba mdogo atakuwepo?" msichana aliuliza.

"Atakuwepo, lakini—"

Hakuniacha nimalize. Alianza kuvuta nyuzi za mkeka, mmoja mmoja. Mdogo wake alikuja akamkalia mapajani, akawa anavuta naye.

Nje ya mlango Bwana Kimya alisema, "Hapana."

"Hapana nini? Akisema yeye, Wembe amekwisha. Karatasi peke yake ataikwepa, unamjua!"

"Atazungumza na hakimu chumbani. Wewe na yeye na hakimu. Basi."

"Wewe ni mwoga."

Alinigeukia. "Unamtaka mtoto au unamtaka Wembe?"

"Wote wawili."

"Basi sema nani anatangulia."

Nilimchukia kwa swali hilo. Nilitembea mpaka ofisini kwa miguu, sikumsemesha siku tatu, na Alhamisi nilikaa nimempa mgongo. Lakini niliandika ombi la mtoto kusikilizwa chumbani. Niliandika mwenyewe.

Msichana alizungumza na hakimu siku ya kesi, asubuhi, kabla ukumbi haujafunguliwa. Hakimu alivua joho akakaa kwenye kiti kidogo. Sitayarudia maneno ya mtoto, ni yake. Nitasema tu kwamba yule mama mwenye uso mkavu aliandika mpaka mwisho bila kuinua kichwa, kisha akaomba maji, na bilauri ikagonga meno yake.

Ukumbini Wembe alinianza mimi. Alinyoa vizuri siku hiyo. Aliuliza tarehe, nikampa tarehe na saa. Aliuliza nani alinifungulia mlango, nikampa. Aliuliza kama nina chuki na mteja wake.

"Ndiyo," nilisema.

Ukumbi ulishtuka. Hata yeye alisita.

"Unakiri mbele ya mahakama?"

"Nimeapa kusema kweli. Namchukia. Ndiyo maana katika ripoti hii sikuandika ninachohisi hata mahali pamoja. Niliandika nilichokiona."

Aligusa tai, lakini hakuna swali lililokuja. Akakaa.

Bwana Kimya akamwita mwalimu mkuu. Akampa faili. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemfundisha mtoto kusoma.

"Mwalimu, tuhesabie kurasa."

"Moja. Mbili. Tatu."

"Tusomee ya tatu."

Mwalimu akasoma. Alipofika kwenye maneno ya tabibu aliyasoma mara mbili. Baba mdogo alimgeukia wakili wake kama mtu aliyeambiwa basi limeshaondoka.

Hakimu alinyoosha mkono, akapewa karatasi, akaitazama mbele na nyuma.

"Wakili. Sahihi hii ni ya nani?"

Wembe alisimama taratibu. "Inafanana na yangu, Mheshimiwa."

"Inafanana, au ni yako?"

"Ni yangu."

"Na ulipoiandikia mahakama kwamba ni kosa la uchapaji?"

Aliomba kesi iahirishwe; hakimu akakataa kabla hajamaliza kuomba. Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimeusubiri mcheko huo karibu miaka miwili, na ulipokosekana niliona heri hivyo. Kimya kilimkata zaidi.

Watoto wote wawili walipewa bibi. Nyumba ikawekwa chini ya uangalizi wa mahakama kwa ajili yao, na mke wa baba mdogo akaondoka na masufuria yake kwa mkokoteni. Baba mdogo akashtakiwa kwa ule mkono na ile shingo, na Bwana Kimya ndiye aliyeisimamia kesi hiyo mpaka mwisho.

Alibaki Wembe. Bwana Kimya alisema kazi yake imekwisha. Miwani alisema karani haandiki malalamiko. Niliandika mimi, kwenda kwa kamati ya nidhamu ya mawakili, kurasa nane. Niliandika kwa raha kama mtu anayepika chakula anachokipenda.

Wiki mbili baadaye alikuja ofisini kwangu. Alikuja bila joho, saa tano asubuhi, korido imejaa akina mama na watoto wachanga. Alitaka kuingia moja kwa moja.

"Foleni, mzee," nilimwambia. "Chukua namba."

Alipata namba kumi na tisa. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kati ya mama aliyekuwa akinyonyesha na babu mwenye kikohozi, na mimi sikuharakisha hata mtu mmoja. Alipofika mezani kwangu ilikuwa saa nane kasoro.

"Mama," alisema, "nina wanangu wanasoma. Ofisi ile nimeijenga miaka ishirini. Nakuomba uondoe malalamiko."

"Uliusoma ukurasa ule?"

"Siku napiga mhuri? Sikuusoma. Walikuwa wateja arobaini siku hiyo. Nilipiga mhuri tu. Wewe unajua kazi zinavyokuwa."

Nilijua. Hilo ndilo lililoniuma. Nilijua kabisa jinsi karatasi ya mtoto inavyopita chini ya mikono ya watu wenye kazi nyingi; nilikuwa na barua kumi na moja za kunikumbusha. Kwa kitambo kidogo nilimwona kama mtu wa kawaida, mvi zimeanza masikioni.

"Sawa," nilisema. "Hukuusoma. Sasa niambie nani aliutoa kwenye maombi."

Alitazama mikono yake.

"Nani aliutoa?"

Mtoto mmoja kwenye korido alilia, akanyamazishwa. Nilimwita namba ishirini.

Kamati ilimsimamisha uwakili miaka mitatu. Siku fundi alipokuja kukifungua kibao cha ofisi yake nilijua, kwa sababu nilikuwa nimemuuliza mlinzi wa jengo. Nilitumia saa yangu ya chakula kwenda kusimama ng'ambo ya barabara. Fundi alikuwa na bisibisi butu, akahangaika na skrubu ya mwisho kwa dakika kumi, na mimi sikuondoka. Mtu akiniuliza kama nilijisikia vibaya, namwambia hapana. Nililala vizuri siku hiyo. Nilitarajia kwamba nyongo ingeniisha, haikuisha yote, lakini nililala.

Ilibidi mkono wa msichana uvunjwe upya. Daktari alisema mfupa ule haunyooki kwa maneno. Asubuhi ya upasuaji Miwani alileta soksi, Bwana Kimya akamletea kitabu cha picha kisha akasimama dirishani asijue la kufanya na mikono yake. Bibi alikuwa nje anambembeleza yule mdogo. Msichana alipozinduka, midomo mikavu, mkono umefungwa plasta mpaka begani, aliniita.

"Anti."

"Nipo, mama."

"Na yeye watamvunja mkono?"

Kuna jibu la ofisini kwa swali kama hilo. Nimewafundisha hilo maafisa wapya. Sikulitoa.

"Hapana," nilisema. "Hilo sheria haina. Lakini hukumu ya baba yako mdogo imesomwa jana. Atakaa ndani miaka saba."

Alifikiri. Akainua mkono wake mzima juu ya shuka, akafungua vidole kimoja kimoja, akihesabu kwa midomo, mpaka vikamwishia kwenye tano. Akautazama ule wenye plasta. Kisha akanyoosha mkono, akachukua wangu, akanikunjulia vidole viwili.

"Saba," alisema, na hakuviachia mpaka usingizi ulipomchukua tena.